Kizimba Kisicho na Mtu

Ofisini walimwita Glovu. Jina hilo alipewa na dada wa mapokezi, mwanamke mwenye kicheko cha kusikika hadi ghorofa ya juu, siku alipomkuta ameshika flashi ya mteja huku amevaa glovu za mpira kama daktari wa meno. Ukweli ni kwamba wiki ile mikono ilikuwa imemchubuka kwa sabuni mpya, akaambiwa aifunike. Angesema hivyo, mambo yangeishia pale pale. Hakusema. Aliona haya kuzungumzia ngozi yake mbele ya watu, akanyamaza, na kufikia wakati wa chakula cha mchana kampuni nzima ilishajua kwamba fundi wa kompyuta anaogopa virusi kiasi cha kuvaa glovu. Mikono ilipona, jina likabaki. Kila alipopita mapokezi yule dada alimnyooshea mkono kama anayetaka kumsalimia, kisha akaurudisha haraka na kusema, "Samahani, sijanawa." Watu walivunjika mbavu kila mara, kana kwamba mzaha huo ulizaliwa asubuhi ile.

Kampuni ilikuwa ya bima, si kubwa si ndogo, na kazi ya Glovu ilikuwa kufungua vitu ambavyo wengine waliogopa kuvifungua. Kutwa kucha watu walikuwa wanatuma madai yao: picha za magari yaliyogongwa, risiti za hospitali, ripoti za moto. Kati ya viambatisho vyote hivyo, kimoja kimoja kilikuwa kimebeba balaa. Glovu alikichukua chenye mashaka, akakiweka mahali palipofungwa, akakifungua humo na kukaa akikitazama kitafanya nini. Kikiwa chema alikipeleka idara ya madai. Kikiwa kiovu alikifuta pamoja na mahali penyewe. Aliipenda kazi hiyo kuliko alivyompenda binadamu yeyote, ukimtoa mmoja.

Huyo mmoja alikuwa mdogo wake wa kike. Tangu mama yao afariki, kila Jumapili Glovu alikwenda kula kwake. Huko alikuwa na kiti chake, kile cha karibu na dirisha, na kikombe chake kilichovunjika mkono, ambacho hakuna mwingine aliyekitaka. Alifika, akala, akamsikiliza mdogo wake akiwasema majirani, akatengeneza bawaba au swichi iliyoharibika, akaondoka. Ukiuliza kulikuwa na nini kingine katika maisha yake, utatafuta jibu hadi uchoke. Mke hakuwa naye, wala mtoto. Chumbani kwake palikuwa na kitanda, kiti kimoja na kompyuta. Mdogo wake alimwambia mara nyingi kwamba simu yake iko kimya kama imefiwa, naye alicheka. Msimwonee huruma mapema. Mwenyewe alijiona mtu safi, na aliwadharau wenzake waliozijaza mashine zao picha za harusi na watoto waliong'oka meno.

Mdogo wake alikuwa mshonaji, ila si wa magauni. Alikuwa anawashonea wanawake waliokatwa titi kwa ajili ya saratani. Aliwatengenezea sidiria zenye mfuko wa ndani, akakata sponji ya kujaza pale palipoachwa wazi, akaipunguza na kuiongeza hadi mwanamke aweze kusimama mbele ya kioo na blauzi yake bila kujificha. Kazi ile haina kipimo kimoja. Kila kovu lina mkunjo wake na kila kifua kina mteremko wake, kwa hiyo nyuma ya pazia, kwa ruhusa yao, aliwapiga picha kuanzia shingoni hadi kiunoni ili awe nazo mbele yake anapokata kitambaa. Sura hakupiga hata siku moja. Wengine wao hawakuwa wamewaambia hata wakwe zao. Walikuwa wanavua nguo mbele ya mtu mmoja tu duniani zaidi ya daktari, na mtu huyo alikuwa yeye.

Mwanzoni picha zile alizihifadhi ovyo. Siku moja akachanganya vifua viwili, akaharibu sidiria mbili, akamlalamikia kaka yake. Glovu alifurahi, kwa maana hapo palikuwa na kitu anachokijua. Alimtengenezea folda, akamwambia picha bila jina ni takataka, akamwekea utaratibu: kila picha iandikwe jina la mteja, mahali anapofanya kazi na namba ya simu. Mdogo wake aliufuata utaratibu huo miaka yote, na hakuchanganya tena.

Sasa, mwaka ule meneja wa kampuni aliamua kwamba kazi ya kufungua viambatisho isimtegemee mtu mmoja. Kila karani awe na mahali pake pa kufungulia, na Glovu apendekeze chombo. Vyombo vyenyewe vilikuwa viwili. Cha kwanza walikiita kisanduku. Unabonyeza, kinafunguka hapo hapo ndani ya kompyuta yako, unatia faili lako la mashaka, na ukikifunga kila kilichokuwamo kinafutika. Ni chepesi na karani hasubiri. Lakini kisanduku kinaazima moyo wa kompyuta ile ile inayokibeba, na kila kikifunguka kinafunguka kitupu. Cha pili walikiita kizimba: kompyuta nzima iliyoundwa ndani ya kompyuta, yenye diski yake, kumbukumbu yake na mtandao wake wa kuigiza, isiyojua kama nje kuna nyingine. Hicho ni kizito, kinachelewa kuamka, kinataka mashine yenye nguvu. Ila kinachofia humo kinafia humo.

Meneja alitaka kisanduku. Alikitaka kwa sababu makarani walilalamikia kusubiri, na pia kwa sababu Glovu alitaka kizimba. Kwenye kikao alimwacha azungumze hadi sauti ikaanza kumkauka, akimtazama huku anatabasamu, kisha akasema mbele ya wote kwamba Glovu akiachiwa atawafungia hata choo. Dada wa mapokezi, aliyekuwa amekuja na chai, alicheka hadi sinia likatikisika. Meneja akasema uamuzi utatolewa Ijumaa, na kama fundi ana ushahidi wowote zaidi ya hofu zake, aulete kabla ya hapo. Glovu alirudi mezani kwake masikio yanamwaka moto.

Jumatano ushahidi ukaja wenyewe. Ilikuwa picha ya gari lililobonyea mlango, imetumwa na mtu asiye kwenye orodha ya wateja. Aliifungua kwenye kisanduku, akaona gari lililobonyea mlango. Aliifungua kwenye kizimba, akaona gari lile lile. Lakini faili lilikuwa zito kupita picha yoyote ya gari, na alipolipasua na kuchungulia matumboni mwake akakuta programu imejikunyata humo. Virusi vya siku hizi vina akili. Vikijikuta kwenye mashine tupu, ambayo haina dalili ya kutumika, vinajua viko mikononi mwa mtu kama Glovu, basi vinajitia hamnazo. Hiki kilikuwa kinahesabu. Humu mna picha ngapi? Barua ngapi zimeandikwa, na ngapi zimejibiwa? Faili gani lilifunguliwa jana? Kwa ufupi kilikuwa kinauliza kama hapa anaishi mtu.

Glovu alisugua viganja kwa furaha. Hiyo ndiyo hoja aliyokuwa anaitafuta. Kisanduku hakiwezi kupambwa, kwa kuwa kila siku kinaanza kitupu. Karani atafungua, ataona gari, ataamini, ataihamishia picha kwenye mashine yake yenye maisha yake yote, na hapo ndipo kitaamka. Kizimba, kinyume chake, unaweza kukipamba. Unakitia maisha ndani, unamdanganya mgeni wako kwamba ameingia kwenye nyumba ya watu. Kilichobaki ni kukiamsha kirusi kile mbele ya macho ya meneja.

Alhamisi asubuhi alikuja na kompyuta yake ya nyumbani, akainakili yote, kila kilichokuwamo, ndani ya kizimba. Akaifungua picha ya gari. Akasubiri. Akasogeza kipanya huku na huku kama mtu anayetafuta kitu. Gari lilibaki gari. Alikwenda kunywa maji, akarudi, hakuna kilichobadilika. Ndipo akafuatilia nyayo za kirusi ili aone kiliishia wapi, akakuta kiliishia kwenye maswali ya kwanza kabisa. Picha zilizokuwamo zilikuwa za nyaya na za vibao vya umeme. Barua zilikuwa matangazo, ambayo hayakujibiwa. Hakukuwa na siku ya kuzaliwa ya mtu yeyote, wala sauti ya mtu yeyote iliyorekodiwa. Kirusi kilitazama maisha ya mwanamume wa miaka hamsini na kitu, kikaona hapa hapaishi mtu, kikalala.

Hapo ungetegemea mtu ashtuke, akae chini, ajiulize. Glovu alikasirika. Alikiona kirusi kile kina kasoro. Meneja akapita mlangoni, akachungulia, akauliza, "Vipi, Glovu, gari bado halijaondoka?" na makarani wawili nyuma yake wakaangua kicheko. Alipobaki peke yake macho yake yakaangukia chini ya meza, kwenye begi la kitambaa cha maua. Ndani yake mlikuwa na kompyuta ya mdogo wake. Alikuwa ameachiwa Jumapili kwa sababu feni lake lilikuwa linanguruma, amlainishie.

Ile ilikuwa kompyuta ya mtu. Mlikuwa na picha za binti yake aliyeko masomoni, za mazishi ya mama, za keki iliyoporomoka. Mlikuwa na barua za wanawake waliomshukuru, na waliomtukana kwa kuchelewesha kazi, na majibu yake yote, kwa maana alikuwa hamwachi mtu bila jibu. Na mlikuwa na folda ile. Glovu alijua imo. Aliitengeneza yeye. Alijiambia kwamba ni nakala tu, kwamba kuta za kizimba anazijua yeye kuliko mtu yeyote jengoni humo, kwamba jioni kila kitu kitafutwa. Alikuwa na wakati wa kuitoa folda ile kabla ya kunakili, isingemchukua hata muda wa kufunga kiatu. Lakini ndiyo iliyokuwa na picha nyingi kuliko zote, na kirusi kilikuwa kinahesabu picha.

Safari hii kiliamka. Kilijinyoosha, kikapita kwenye maswali yake moja baada ya jingine, kikaridhika, kikabisha hodi kwenye mtandao. Mtandao wa kuigiza ukaitikia. Kirusi kikauliza swali ambalo mtandao wa kuigiza haukuwa na jibu lake, na kikasimama hapo. Kilitaka mtandao wa kweli. Kizimba kilikuwa na mlango mmoja wa kutokea huko, na ufunguo wake ni kubonyeza mara moja tu. Mtu aliyekuwa amehubiri miaka na miaka kwamba mlango ule haufunguliwi hata kwa mtutu wa bunduki akaufungua, kwa nia ya kuufunga mara tu atakapoona kirusi kinasema neno la kwanza.

Kilisema neno la kwanza papo hapo. Mkono wake ulikuwa kwenye kipanya, na kidole kilikuwa tayari. Lakini akiufunga sasa, nani atakuwa ameona? Meneja atasema amebuni. Na alitaka sana, kuliko alivyowahi kutaka kitu kwa muda mrefu, uso wa meneja uwepo pale wakati kitu kile kinacheza. Akainuka, akatoka kumwita.

Meneja alikuwa kwenye simu. Alimwona Glovu mlangoni, akainua kidole kumwambia asubiri, akaendelea kucheka na mtu wa upande wa pili kuhusu mechi. Glovu alisubiri. Alifundishwa adabu na mama yake, hawezi kumkatiza mkubwa. Alisimama pale mlangoni mikono nyuma, akimsikiliza meneja akisimulia bao zima tangu mpira ulipotoka kwa kipa. Hatimaye wakaenda pamoja, na meneja akainama mbele ya skrini akaona kwa macho yake jinsi picha ya gari ilivyokuwa inafungua mafaili moja baada ya jingine na kuyafunga mafungu mafungu. Hakuuliza ni mafaili ya nani. Alimpiga Glovu begani, akasema, "Haya, umeshinda. Andika kizimba." Ndipo Glovu akaufunga mlango, akakifuta kizimba na vyote vilivyomo, akakirudisha kilivyokuwa asubuhi. Siku hiyo alikula chakula cha mchana na wenzake, na mmoja akamsogezea chumvi.

Ijumaa asubuhi mapokezi palikuwa kimya. Glovu alipita bila kunyooshewa mkono, akadhani yule dada hajafika. Hakuwa ameketi vizuri mezani kwake mlango ukafunguliwa, yule dada akaingia, akaufunga nyuma yake na kuuegemea. Hakuwa amepaka chochote usoni. Alimsalimia kwa jina ambalo hakuwahi kumwita.

"Kaka," alisema. "Nimekucheka miaka yote hii, na wewe hujanicheka hata siku moja. Naomba unifutie hii kwenye mashine zao. Idara ya madai yote wanayo."

Akampa simu. Kulikuwa na barua iliyotoka kwenye anwani ya mshonaji fulani, imekwenda kwa kila mtu aliyewahi kuandikiana naye: wateja wake, wauza vitambaa, hospitali, mwalimu wa binti yake, na idara ya madai ya kampuni, kwa kuwa vyerehani vyake vilikatiwa bima hapo. Imebeba fungu la picha. Aliyoifungua yule dada ilikuwa ya kifua chenye titi moja na kovu refu, na juu yake jina lake mwenyewe kamili, mahali anapofanya kazi na namba ya simu. Glovu aliutambua utaratibu ule kabla hajaitambua picha. Mwaka uliopita dada huyu alichukua likizo ndefu, na ofisi nzima ikakubaliana kwamba kapata mwanamume mwenye gari. Aliporudi yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa akiutia chumvi uvumi ule.

"Nilimvulia nguo yule mwanamke," alisema. "Nilimlilia begani. Sijui nilimkosea nini."

Palikuwa na nafasi hapo ya mtu kusema. Chumba kilikuwa kimya na mlango umefungwa, na neno lenyewe lilikuwa fupi. Glovu alisema, "Nitazifuta." Na kweli alizifuta. Alikwenda meza kwa meza, makarani wakimpisha huku wameinamisha macho, wengine wakijifanya hawajui anatafuta nini, na kila mashine aliisafisha hadi kwenye pipa la taka. Alikuwa hodari, hakuna aliyemzidi. Simu zao hakuweza kuzigusa, na kabla ya mchana alimsikia mmoja ngazini akicheka peke yake na kioo cha simu kikimwangaza kidevu.

Yule dada alikusanya vitu vyake siku ile ile. Alipofika kwa Glovu alimnyooshea mkono. Yeye, kwa mazoea, akabaki amesimama akingoja urudishwe. Haukurudishwa. Akaushika, na yule dada akaushika wake kwa mikono miwili, akamwambia humu ndani binadamu alikuwa yeye peke yake. Baada ya hapo ofisini hawakumwona tena.

Mchana huo huo kizimba kilipitishwa kwa kauli moja. Meneja alisimama akasema leo wote wameona hatari ya viambatisho, hata kwa huyo mshonaji wa watu, na kwamba fundi wao alikuwa ameona mbali. Walimpigia makofi. Meneja akampa kazi mpya ya kukipamba kizimba cha kampuni: abuni mtu wa uongo, mwenye picha, marafiki na barua za kujibu, ili virusi vidanganyike. Glovu akauliza, kwa sauti ya kazini, mtu huyo awe na watoto wangapi.

Mdogo wake hakumpigia simu Ijumaa wala Jumamosi, na yeye hakupiga. Jumapili alichukua begi la kitambaa cha maua, ndani yake kompyuta ikiwa na feni jipya lisilosikika, akaenda kwa saa ile ile ya siku zote. Njiani alijipa moyo. Alijiambia damu ni damu, atakasirika, atalia, atampa vidonge vyake, halafu watakula. Geti la chuma lilikuwa limefungwa kwa ndani. Alibisha. Kupitia dirishani alikiona kiti chake. Kimejaa sidiria zilizorudishwa, zimerundikwa hadi mgongoni, nyingine bado na karatasi ya kufungia. Nyingine zilikuwa zimetupwa uani tu, na hakuna aliyeziokota.

Mdogo wake alitoka, akasimama upande wa pili wa geti bila kugusa komeo. Macho yalikuwa yamevimba lakini makavu. Alisema kompyuta ilikuwa kwa kaka yake wiki nzima, kwa hiyo ajuacho anakijua, ila anataka kukisikia kwa mdomo wake. Glovu alieleza. Alieleza kisanduku, akaeleza kizimba, akaeleza picha ya gari, kikao, na mlango uliofunguliwa kidogo tu. Alieleza kwa ufasaha, kama alivyopaswa kueleza kikaoni. Alipofika kwenye simu ya meneja na lile bao, mdogo wake alifumba macho, lakini hakumkatiza.

Alipomaliza, mdogo wake alimwambia jinsi siku zile mbili zilivyokwenda. Mmoja alikuja na mama mkwe wake, ambaye alikuwa hajui. Mmoja alikuja akakaa kwenye ngazi hadi jua likamhamisha. Mmoja alimtemea mate. Wote aliwaambia ni uzembe wake mwenyewe.

"Nikiwaambia ni kaka yangu," alisema, "wataniuliza kwa nini nilimpa kaka yangu vifua vyao."

Glovu alisema atawaeleza yeye. Mdogo wake akatikisa kichwa. Akamwambia amejua kueleza tangu utotoni, inatosha. Alitazama begi lililokuwa mkononi mwake. Ilionekana kama anataka kurudi ndani, kisha kitu kikamrudisha.

"Kitu kimoja tu sikielewi, kaka. Wewe unayo kompyuta yako. Kwa nini hukuweka vya kwako?"

Angeweza kudanganya. Lakini alikuwa mtu wa ukweli wa kifundi, na swali lilikuwa la kifundi.

"Niliweka," alisema. "Nilianza na vyangu. Hakikuamka."

"Kwa nini?"

"Kinaangalia kwanza kama pana mtu. Kikaona hapana mtu."

Mdogo wake alimtazama. Uso wake ulilegea, na Glovu akauona ule uso wa Jumapili zote, uliokuwa ukimfungulia mlango, ukimkatia kipande kikubwa, ukimwekea kikombe kisichotakiwa na mtu. Kwa mara ya kwanza alitambua kwamba siku zote ulikuwa huruma. Hata hivyo alisogea karibu na komeo, akangoja lifunguliwe.

"Kwani kilikosea?" mdogo wake akauliza.

Akapitisha mkono kwenye nafasi ya vyuma, akachukua begi lake, akarudi ndani.